Kuumia Siyo Kufa

Dada yangu hakuniita Dodoma kwa ajili ya ushairi; aliniita kwa ajili ya neno moja. Ilikuwa Mei 2025, mvua za bara zimeshakatika, akanipigia simu usiku baada ya isha. "Mdogo wangu," akasema, "mwanao ameumia kichwa mpirani. Hospitali wametupa karatasi, na jambo lenyewe limeandikwa Kizungu. Njoo unisomee, maana hapa kila mtu ananiambia lake." Kesho yake nikavuka bahari kwa boti ya asubuhi, nikapanda Dar es Salaam treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, na magharibi ikanikuta nimekaa juu ya mkeka uani kwa shemeji yangu, karatasi mkononi, nyumba nzima inanitazama mdomo.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulitaja umri wa mpwa wangu, miaka kumi na tano. Wa mwisho ulitaja dawa ya maumivu na kuagiza asicheze mpaka apone. Katikati lilikaa neno lile peke yake, bila maelezo, kama mgeni aliyeachwa mlangoni.

Nimefanya kazi ya kufasiri kwa zaidi ya miaka thelathini. Sikusomeshwa kazi hii. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi na taa ya chemli, na huenda ndiyo sababu maneno ya wataalamu huyashika kwa hadhari, mfano wa mtu aliyebeba chombo cha kuazima. Neno lile asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kutikisa kwa nguvu. Watabibu wetu huliita mtikisiko wa ubongo, na wengine mshtuko wa ubongo. Nikayapima kabla sijafungua kinywa. Nikisema mshtuko, dada atasikia mshtuko wa moyo, atasikia mauti. Nikisema amegongwa kichwa tu, shemeji atasikia jambo la kupaka maji na kusahau. Nikilitaja neno ubongo bila kituo, bibi yake mtoto atasikia Mirembe. Kwani ile hospitali ya maradhi ya akili iliyopo Dodoma jina lake limeenea nchi nzima, hata watoto hutaniana kwalo, na mkaazi wa mji ule hulisikia kwa karibu zaidi.

Nikasema: "Ubongo wake umetikisika. Haukupasuka wala hauvuji damu. Umetikisika, na unahitaji muda utulie, kama maji ya mtungi yaliyotibuliwa."

Shemeji akanijibu haraka: "Lakini picha ilipigwa, shemeji, na ikaonekana safi. Kama picha ni safi, mtoto ni mzima."

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kazi niliyoitiwa haikuwa ya neno moja. Picha ya kichwa hutafuta damu na mpasuko. Ikiwa safi ni jambo la kushukuriwa, kwani makubwa yameepukwa. Lakini mtikisiko wenyewe aghalabu haupigiki picha. Umbo la ubongo limebaki vilevile, ila kazi yake imevurugika. Redio ikianguka huenda isiwe na ufa hata mmoja, na sauti ikawa inakatika. Mtikisiko hutambulikana kwa mgonjwa mwenyewe: kichwa kinamuuma, mwanga unamchoma, kelele zinamuudhi, usingizi umembadilika, hasira zimekuwa karibu, jambo alilolisoma asubuhi jioni hana. Wala si lazima awe amezirai. Wengi hawazirai kabisa.

Nikaomba nisimuliwe tangu mwanzo. Ilikuwa Jumamosi, mechi ya kuchaguana kwa ajili ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari ambayo kwa kijana wa mkoani ndiyo dirisha la kuonekana. Ukiwa umezoea watoto wetu wa visiwani wanaocheza pwani maji yakitoka, ambako mchanga huwapokea waangukapo, huna budi uione ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi. Mvua zikishaondoka Aprili uwanja hukauka ukawa kigae, na majani huwa ni habari ya kusimuliwa. Mpira ulirushwa juu, vijana wawili wakauruka pamoja, vichwa vikagongana. Mpwa wangu akaanguka, na kisogo chake kikaipiga ile ardhi mara ya pili. Akamwagiwa maji. Mwalimu akamuuliza: "Unaweza?" Akajibu: "Naweza." Akacheza mpaka mwisho.

Usiku akatapika na kulalamika kichwa. Mama yake akadhani ni malaria, na nani atamlaumu? Katika nyumba zetu kichwa na matapishi vina jina moja. Kipimo kikaonesha hana. Aliyeliona jambo lenyewe ni mtoto wa kike wa miaka tisa, mdogo wake, aliyesema wakati wa chai: "Mama, mbona kaka ameniuliza mara tatu leo siku gani?" Ndipo wakaenda hospitali.

Mechi ya timu ya wilaya ilikuwa imebakiza siku kumi.

Nitayaeleza maneno ya baraza la usiku ule kwa sababu naamini yamesemwa katika nyumba nyingi. Dada alisema mwanawe hatagusa tena mpira maishani mwake. Alitaja habari ya bondia Hassan Mgaya, aliyefariki Desemba 2024 baada ya pambano Dar es Salaam, habari ambayo ilikuwa bado mbichi vinywani mwa watu. Shemeji akasema ile ni ngumi na huu ni mpira, na kwamba mtoto akianza kuogopa ardhi ataogopa kila kitu. Dada akasema kwao Unguja ngumi zilipigwa marufuku tangu miaka ya sitini na hakuna aliyekufa kwa kuzikosa. Shemeji, ambaye hafuati mambo ya visiwani ila yakimfaa, akamkumbusha kuwa zimeruhusiwa tena mwaka 2022. Wakageuka wote kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeziruhusu.

Kijana mwenyewe alikuwa chumbani, dirisha limezibwa kwa khanga. Walikuwa wamesikia kuwa mwenye maradhi yale alazwe gizani, naye alikuwa na siku ya tano haoni jua. Nikaingia kumjulia hali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Unajionaje?"

"Naweza," akasema.

Sikuwa nimemuuliza kama anaweza.

Hapa inanibidi nitoe ungamo. Mwaka uliotangulia kijana huyu alipasuka nyusi katika mechi, akafungwa kitambaa, akarudi akacheza. Dada alinitumia picha yake, damu imemchirizika shavuni, naye anacheka. Mimi niliyekaa barazani, mbali na vumbi na maumivu, nikaona fahari, nikamtungia beti tano. Zilipendwa. Mwalimu wake akazibandika ukutani, na watoto wakazihifadhi. Ubeti wa tatu ulikuwa huu:

Shujaa hakai chini, hata damu ikitoka,
Vumbi hufuta usoni, kisha hima hunyanyuka,
Hurejea uwanjani, wenzi wakafurahika,
Mwana jikaze kiume, kuumia siyo kufa.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, katika kiza kile cha khanga, nikamuuliza kwa nini alimjibu mwalimu kuwa anaweza ilhali alikuwa haoni sawasawa. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, bila ya kunilaumu: "Mjomba, nilipoulizwa, lililonijia ni lile kibwagizo."

Mshairi huota siku zote kwamba ubeti wake utakumbukwa na mtu katika saa ya dhiki. Mimi nimeliona hilo likitokea, na sikulifurahia.

Usiku ule sikulala. Nikasoma kama nisomavyo ninapofasiri, neno kwa neno. Nilisoma maafikiano ya wataalamu waliokutana Amsterdam Oktoba 2022, yaliyochapishwa mwaka uliofuata. Yalinifunza kwanza kwamba ile khanga dirishani ilikuwa ni elimu iliyopitwa na wakati. Zamani mgonjwa aliamriwa alale mpaka kila dalili iishe. Siku hizi mapumziko hayo ni ya siku moja au mbili, apunguze simu na televisheni, kisha atembee kidogo kidogo, arudi darasani kwa kipimo anachokiweza. Michezo huja baada ya masomo, wala haiji kwa mruko mmoja. Kwanza ni kutembea, kisha kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya peke yake na mpira. Dalili zikiisha zote, ndipo mazoezi na wenziwe yasiyo na hatari ya kugongana; na daktari akiridhia, mazoezi kamili, na mwisho mechi. Kila daraja haipungui siku nzima, na maumivu yakizidi hushuka daraja moja na kungoja. Watoto walio wengi hupona ndani ya majuma manne. Baadhi yao huchukua zaidi, na hilo si kosa lao.

Jambo la pili nililolisoma lilinikalia kooni. Januari 2011, huko Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, kijana wa miaka 14 aitwaye Benjamin Robinson alicheza ragbi ya shule yake. Aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi ile ile, akaendelea kucheza, akaanguka, hakuinuka tena. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulithibitisha kuwa ubongo uliopigwa mara ya pili kabla haujapona pigo la mwanzo uliweza kuvimba ghafla na kumuua. Ni jambo la nadra, nasisitiza, lakini wanaopatikana nalo takriban wote ni vijana. Zaidi ya miaka minne kabla yake, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mtoto wa miaka 13, Zackery Lystedt, aliumia kichwa katika mpira wao wa Kimarekani, akapumzishwa kidogo, akarudishwa. Aliokoka, lakini kwa ulemavu mzito. Mwaka 2009 jimbo hilo likatunga sheria inayoitwa kwa jina lake: kijana anayedhaniwa tu kuwa ametikisika atolewe papo hapo, asirudi mpaka mtaalamu wa afya atoe ruhusa kwa maandishi, na mzazi na mtoto watie saini kila mwaka kuwa wameelezwa. Kufikia 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Kwetu nyaraka kama hiyo sikuioneshwa shuleni, na mwalimu aliyemwaga maji hakuwa mtu mbaya. Alifanya alilofanyiwa yeye.

Na jambo la tatu ni lile la Mirembe. Ni kweli kwamba kichwa kinachopigwa miaka na miaka huweza kuharibika. Daktari Harrison Martland aliieleza hali ya mabondia mwaka 1928. Na mwaka 2002 daktari kutoka Nigeria, Bennet Omalu, aliyekuwa Pittsburgh, alikuta alama za maradhi hayo katika ubongo wa mchezaji maarufu Mike Webster. Lakini hiyo ni habari ya vipigo visivyohesabika vya maisha mazima. Si hukumu ya mtoto aliyegongwa mara moja akatunzwa. Kuyachanganya mambo haya mawili humfanya mzazi mwoga akataze kila kitu, na mzazi jasiri asiamini lolote.

Alfajiri, upepo wa bara ukivuma mwembamba na baridi, nikaelewa nilichoitiwa. Lugha yetu ina neno kuu liitwalo jikaze. Tumelipokea kwa wazee wetu jandoni, misibani, baharini na katika vyumba vya uzazi, na si neno baya. Limetuvusha mengi. Mwenye njaa hujikaza, mwenye kiu hujikaza, mwenye kuvunjika mguu hujikaza mpaka afikishwe kwa mganga. Lakini katika hao wote kichwa kimesimama kando kama shahidi: mguu ukivunjika, kichwa husema umevunjika. Kichwa kikitikisika, aliyeumia ndiye shahidi mwenyewe. Ukimuuliza "Unaweza?", anayekujibu ni yuleyule aliyeharibikiwa, na atakujibu kwa neno lililo karibu zaidi na ulimi wake. Kwa mpwa wangu neno hilo nilikuwa nimelitia mimi.

Basi swali la uwanjani haliwi la mtoto. Atolewe, hata akilia. Na swali la baadaye, acheze tena au asicheze, hilo haliwi la watu wazima peke yao, kwa kuwa wao hawauchezi.

Asubuhi baba yake shemeji alikuja kutoka Bahi. Nikamwamkia kwa neno la kwao, "Mbukwa," kwa lafudhi iliyomchekesha, naye akakaa kwenye kigoda. Ni mfugaji, na mambo ya hospitali hayasemi sana. Alisikiliza wote, dada na shemeji, mmoja akizuia na mwingine akiachia, mpaka wakachoka. Kisha akasema kwamba kwao ndama aliyepigwa pembe hapelekwi machungani na kundi siku ya pili, hubakishwa zizini. "Wala hatumchinji," akaongeza. "Tunamtazama. Siku akila mwenyewe, akakimbia mwenyewe, tunamtoa. Ng'ombe wengine huturudisha nyuma, tukamfungia tena. Sasa ninyi mnataka leo mjue ya mwaka kesho?"

Nilikuwa na karatasi yangu niliyoandika usiku, nikaona imepata mlango wa kuingilia. Nikawaomba tuligawe swali. Walikuwa wakibishana swali moja, acheze au asicheze, na ndani yake mlikuwa na maswali manne. La kwanza: amepona? Hilo haliamuliwi kwa kura. Huamuliwa kwa dalili na kwa daktari, na mechi ya siku kumi haiwezi kubadili jawabu. La pili: akipona, hatari iliyobaki ni kubwa kiasi gani kwake yeye? Kwa aliyetikisika mara moja ni tofauti na aliyetikisika mara tatu, au ambaye kila pigo linakuwa jepesi zaidi na kupona kwake kunakuwa kurefu zaidi. Huyo wa mwisho ndiye wa kukaa naye na kuzungumza habari ya kuacha. La tatu: uwanja ule una mtu atakayemtoa? La nne: mpira unampa nini, na akiukosa atakipata wapi kingine?

Dada, aliyekuwa hataki hata kulisikia swali la nne, ndiye aliyelijibu. Alisema kuwa tangu mtoto aanze mpira amekuwa na marafiki, halali nje, na darasani amepanda. Aliyasema hayo kwa uchungu, kama mtu anayelipa deni. Na shemeji, aliyekuwa halitaki la tatu, alikaa kimya muda mrefu, kisha akakiri kwamba siku ile alikuwapo uwanjani. Aliona mwanawe akiyumba. Alifikiri kwenda, akaona haya mbele ya wanaume wenziwe.

Hakuna aliyemjibu. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na kibwagizo chake.

Tukamwita kijana, khanga imeshaondolewa dirishani. Nikamsomea karatasi kwa Kiswahili, na palipo na shaka nikamweleza kuwa pana shaka. Nikamwambia pia ya mchezo wenyewe, kwamba mpira wa miguu nao unajisahihisha: Marekani ilikataza watoto wa miaka kumi na chini yake kupiga mpira kwa kichwa tangu 2015; Uingereza iliondoa mazoezi hayo kwa watoto wa msingi mwaka 2020; na tangu 2024 sheria za mpira zinaziruhusu mashindano kutoa mchezaji wa akiba wa ziada kwa aliyetikisika, ili kocha asimchezeshe mgonjwa kwa kuhofia nafasi. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo wakubwa huko wanatoka?" Nikamjibu kuwa wanatolewa. Akasema: "Kutolewa si kama kutoka."

Alikuwa na haki. Tukaandika masharti, wote tukayatia saini, hata yule binti wa miaka tisa aliyeishika kalamu kwa mikono miwili. Kwamba mechi ya wilaya haitachezwa. Kwamba kila daraja itaandikwa tarehe, na mdogo wake ndiye mwandishi, kwa kuwa ameshathibitisha kuwa ana jicho. Kwamba mazoezini hatapiga mpira kwa kichwa mwaka ule. Kwamba akitikisika tena, msimu umekwisha bila mjadala, na mambo yote yataanza kusemwa upya. Kwamba kama atatapika mfululizo, kichwa kikizidi kumuuma, akapata degedege, mkono au mguu ukalegea, au akawa haamshiki, hakuna kungoja asubuhi wala kusaka malaria. Ni hospitali saa hiyohiyo. Na kwamba siku za mechi baba yake atakaa mstari wa mbele, naye ndiye mwenye neno la kumtoa.

Shemeji akaenda shuleni mwenyewe kumweleza mwalimu. Nilimsindikiza. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, akasema hakuna aliyewahi kumfundisha hayo, akaomba nakala. Ukutani, nyuma ya meza yake, beti zangu zilikuwa bado zimebandikwa, karatasi imegeuka manjano kwa vumbi. Nikaomba niiondoe. Akashangaa, watoto wanaipenda, akasema. Nikamwambia nitamletea nyingine.

Nilijaribu kuiandika siku zile mbili zilizobaki, na nikamsomea mpwa wangu kibwagizo kipya: Mwana sema ukiumwa, kusema siyo kushindwa. Akaughani kimoyomoyo, akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekumbuka kuwa asikitikise sana. "Mjomba, huu ni wa kweli," akasema, "lakini ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi." Nami sikuwa na la kumjibu, maana ndivyo ilivyo. Lugha yetu ina karne nyingi za kumsifu anayestahimili, na vina vyake vimeshalainika kwa kupita vinywani. Anayesema "nimeumia, nitoeni" bado hajatungiwa vya kutosha.

Hakucheza UMISSETA mwaka ule. Alipofika kwenye kukimbia, kichwa kilimrudia, akashushwa daraja. Mdogo wake akaandika tarehe. Darasani alirudi kwa nusu siku kwanza. Majuma sita yalipita kabla daktari hajamruhusu kurejea kikamilifu, na dada yangu alinipigia simu siku ile ya mechi ya kwanza akiwa amejifungia ndani, hataki kusikia kelele za uwanjani.

Mwezi wa Septemba, jioni, ikaita simu ya shemeji. Si desturi yake kunipigia. Nikaipokea na moyo umenipanda kooni.

"Shemeji," akasema, "mwanao ametoka mwenyewe."

Alikuwa amegongana na beki, si kwa nguvu. Aliinuka, akacheza hatua chache, akasimama. Mwalimu hakuwa ameona. Baba yake alikuwa ameshanyanyuka kitini, hajafika mstarini. Kijana akainua mkono, akatembea mpaka nje, na wapo waliomzomea. Shemeji akaketi chini karibu naye, vumbini, mbele ya wanaume wenziwe. Hawakusema kitu. Usiku alichunguzwa, na halikuonekana jambo. Huenda asingedhurika hata kama angeendelea. Hilo hatutalijua, wala sina haja ya kulijua.

"Alisema nini alipotoka?" nikamuuliza.

Shemeji akacheka kidogo. "Alisema, 'Baba, leo sina hakika.' Basi."

Nililiandika neno hilo pembeni ya daftari langu, chini ya kile kibwagizo kisichokuwa kitamu. Bado linatafuta kina.